Mtambo wa kuelea sawa, ila sio Ziwa Victoria

Mhariri, naomba nafasi niongelee hii ishu ya mitambo inayoelea ya kuchenjua madini, yaani kuyatenganisha na mawe au mchanga, maana huku Geita kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ndio stori ya siku hizi, watu wanasema maeneo yamekuwa ghali na wanakijiji wamechoka na kelele na vumbi basi mtambo tuuweke ziwani tu, si maji yapo pale pale. Jamani!

Wanaosema haiwezekani kabisa, hapana, inawezekana. Pale Moma, Msumbiji, mitambo inaelea miaka mingi tu ila haiko baharini, iko kwenye bwawa walilolichimba wenyewe ndani ya mchanga wenye madini. Dreja, chombo cha kuchimba kinachoelea, linakula mchanga mbele, pampu inausukuma na maji yake mpaka kwenye mtambo, unashuka kwenye mifereji ya kuzunguka, ilmenaiti na zikoni, ndio madini yenyewe, ambazo ni nzito zinabaki upande wa ndani na mchanga mwepesi unatupwa nje, kama unavyotoa mawe kwenye mchele kwa maji, hakuna sumu hapo, marudio, yaani mabaki baada ya madini kutolewa, yanafukia nyuma na bwawa linasogea mbele. Mwaka 2020 walihamisha mtambo mmoja wa tani zaidi ya 7,000 kwa barabara, kilomita 23. Na bado makinikia yao, yaani ule mzigo wa madini uliochambuliwa, yanaenda kiwanda cha nchi kavu kukaushwa na kutenganishwa kwa sumaku na umeme.

Namibia ndio wanachenjua baharini kweli, meli ya Benguela Gem ya mita 177 ilianza kazi 2022, inanyonya changarawe na kuchambua humo humo, lakini ile ni almasi, inalipa gharama zake.

Sasa njoo kwenye dhahabu yetu. Karasha likiwaka, mipira ya chuma inavyogonga mle ndani ukisimama pembeni unasikia ardhi inatetema, halafu ije zebaki ya kukamata dhahabu, halafu marudio yanauzwa kwenye plenti za sayanaidi, sumu inayoyeyusha dhahabu iliyobaki, yanalowekwa siku kadhaa, na tani nzima ya mawe inakupa gramu chache tu, yaani karibu mzigo wote unabaki, tena una sumu. Huo utauweka wapi ukiwa katikati ya maji? Itabidi uurudishe nchi kavu kwenye bwawa la marudio, sasa umeokoa nini? Na likitokea la kutokea, maji hayo ndio wanakunywa Mwanza na dagaa wanavuliwa humo humo, mimi mwenyewe nawalisha wanangu.

Naomba Tume ya Madini na NEMC, lile baraza la mazingira, mtu akileta mradi wa kuelea swali la kwanza liwe marudio yanaenda wapi, kabla hata ya kuangalia michoro. Kwa mchanga mzito wa pwani, kule Tanga na Kigamboni, teknolojia ya Moma iangaliwe kwa makini, naiunga mkono, ila visima vya watu vipimwe chumvi kabla bwawa halijachimbwa na viendelee kupimwa kila mwezi mtambo ukiwa kazini.

Msomaji wako, Geita