Mdogo wangu, usingoje likizo

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Unalalamika kwamba msimu wa majani kupukutika, ndege wanapohama, utapita tena bila wewe kuwapiga picha, kamera ikiwa kabatini, kwa kuwa kazi imekubana na likizo iko mbali. Pole kwa kazi, ila hilo la likizo silikubali. Huu ndio msimu unaomfaa mwajiriwa kuliko yote.

Angalia jua lenyewe. Huko kaskazini mwa dunia, mwezi Juni linaweza kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, nani aamke? Ikifika katikati ya Oktoba, sehemu nyingi linachomoza saa moja na ushei, wewe umeshaoga. Tena haliwahi kupanda juu; nuru inakuja ubavuni, laini, na inadumu. Nusu saa ya nuru hiyo kabla ya kuingia kazini naithamini kuliko Jumamosi nzima ya jua la utosini.

Ndege wadogo wengi wanaohama husafiri usiku na kutua alfajiri na njaa yao. Wakati huo hawana habari na mtu, wanakula tu. Basi chagua kichaka kimoja chenye vitunda, kilicho njiani kwako, ukirudie hichohicho. Mambo ya kuzungukazunguka siyaamini. Simama jua likiwa mgongoni, tulia, watakuzoea. Na upepo wa kaskazini ukivuma usiku baada ya siku kadhaa za mvua, asubuhi yake usilale: waliokuwa wamezuiliwa na hali ya hewa huondoka kwa mkupuo.

Kamera iandae usiku. Kwa anayeruka, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea nuru, iwe 1/2000 ya sekunde. Aliyetua, 1/500 yatosha. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi nuru, iache ipande hata 3200. Chenga kidogo kwenye picha zinasameheka, jicho la ndege lenye ukungu halisameheki.

Usiwadharau kwa kukosa rangi. Wakubwa wengi wameshavua manyoya ya msimu wa kuzaliana, na wengine utakaowaona wamezaliwa mwaka huuhuu. Mtazame vizuri mmoja kwenye lenzi: kwa aina nyingi, kila unyoya wa bawa una ukingo mwembamba mweupe, haujachakaa popote. Oktoba 2022, ndege mmoja wa ufukweni wa umri huo, wa miezi mitano hivi, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kama kilomita 13,560, siku 11 bila kutua. Ungempita kando ya maji usigeuke, kwa kahawia yake ile.

Picha usizichambue usiku wa kazi, utafuta zilizo nzuri kwa uchovu. Ziache hadi Jumapili.

Na kama uko Ulaya, Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, jua linakuwahi kwa saa nzima asubuhi. Jioni ndiyo usahau, utatoka kazini giza limeshaingia.

Kaka yako