Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: kitendanishi cha AST kimekwisha tena

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu na heshima zote zinazostahili ofisi yako. Juzi Jumanne nilisimama tena kwenye dirisha la maabara, safari hii na mdogo wangu. Karatasi yake ya majibu iliandikwa ALT 31, kimeng'enya kinachopimwa kujua hali ya ini. Kwenye AST, kimeng'enya mwenzake, palipigwa mstari kwa kalamu, na pembeni mtu akaandika kwa mkono: "kitendanishi hakuna", yaani kemikali ya kupimia imekwisha. Daktari akaitupia jicho, akasema ini halina shida.

Mama yetu naye aliambiwa hivyohivyo.

Mama aliishi na homa ya ini aina ya B kwa miaka. Kila alipopimwa, ALT ilikuwa chini ya 40, nasi tukarudi nyumbani tukimshukuru Mungu. Hakuna aliyetueleza kwamba ALT huvujia kwenye damu pale seli za ini zinapoumia, na kwamba ini likishajaa makovu namba inaweza kusomeka vizuri tu huku mgonjwa akiteketea. Tumbo lilipojaa maji ndipo tukapelekwa kwingine, wakapima vyote: AST 58, ALT 29, chembe sahani, zile za kugandisha damu, 92. Daktari wa zamu, kijana mdogo, akatoa simu mfukoni akapiga hesabu: umri mara AST, gawanya kwa chembe sahani mara kipeuo cha pili cha ALT. Mama alikuwa na miaka 61. Ikaja 7.1. Akanigeuzia simu nione mwenyewe, akasema ikivuka 3.25 tu, makovu yamekwenda mbali. Mama alikuwa amelala pale pembeni, anatusikiliza.

Hesabu hiyo inaitwa FIB-4, na ipo tangu 2006. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa homa ya ini B wa 2015, lilipendekeza ndugu yake, APRI, kwa hospitali zisizo na mashine za gharama. Zote mbili bila AST hazipigiki. Na tafadhali nisijibiwe kwamba AST hutoka pia kwenye misuli na moyo. Najua. Ndiyo maana inasomwa pamoja na wenzake, si kufutwa kwa kalamu.

Ulipokata utepe wa maabara ile ulisema hakuna mgonjwa atakayerudishwa kwa kukosa kitendanishi. Tulipiga makofi, mimi nikiwa mstari wa mbele. Ahadi umeitimiza kwa namna yake: harudishwi mtu, anapewa nusu ya majibu na pongezi. Nahisi muuzaji hajalipwa, au kuna mtu stoo anayenakili oda ya mwaka jana. Vyovyote iwavyo, mashine ipo, inang'aa, na imefunikwa kitambaa.

Nimemaliza likizo yangu yote kwenye mabenchi ya wagonjwa. Nimezika. Sasa mdogo wangu, mwenye virusi vilevile, ananiuliza kwa nini nakunja uso ilhali ameambiwa ni mzima.

Siombi hospitali mpya, Mheshimiwa, wala ziara. Naomba kitendanishi cha AST. Mdogo wangu ameambiwa arudi baada ya miezi 3. Siku hiyo, penye ule mstari wa kalamu, pawe na namba.

Wako mtiifu, bado,
Mtoto wa marehemu