Sio jeuri, akili imenasa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mdogo wangu hapa Ujiji ni fundi simu na ana ADHD, yaani hali ya ubongo kupata shida kuongoza umakini na kutulia, akishainamia bodi ya simu hasikii mtu, chai inapoa pembeni, adhana inapita, mteja anaita weee hajibu, na ukimkatisha ghafla anawaka. Watu wanasema ana jeuri, wengine eti karogwa. Jamani sio hivyo! ADHD inaanza utotoni, ni ubongo unavyokua, na wengi wanaendelea nayo ukubwani, hata Shirika la Afya Duniani linaitambua kwenye ICD-11, orodha yake ya magonjwa na hali za kiafya iliyoanza kutumika 2022. Shida sio kutotulia tu, kuna kuhamisha akili toka jambo moja kwenda lingine, ndo maana ukimbadilishia ratiba anagoma.

Kinachomsaidia ni hivi, shemeji anamwambia mapema "baba fulani bado dakika kumi", halafu anakuja kumgusa bega badala ya kufoka toka jikoni, na yeye anaandika kwenye daftari alipoishia, skrubu ipi haijarudi, hapo roho inatulia ananyanyuka. Alamu peke yake hapana, anaizima bila hata kujua. Wapo wanaohitaji dawa pia, hiyo ni kazi ya daktari.

Naomba gazeti liwaandikie walimu wa msingi wa huku Kigoma, mtoto akigoma kuacha hesabu aanze somo lingine wasikimbilie fimbo, wampe taarifa mapema na muda wa kumalizia mstari wake.

Msomaji wenu, Ujiji, Kigoma