Shoga, kabla nyumba ya Kibokoni haijakabidhiwa

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi, na nyumbani wote wasalimie, mkubwa kwa mdogo. Mie mzima, ni baridi tu. Najua nina deni la barua yako tangu kabla ya Ramadhani na nastahili kusutwa, lakini suto lako liweke kwanza. Salim kaniambia nyumba ya Kibokoni imepata mnunuzi na mwisho wa mwezi wanakabidhi funguo. Salim, mwenzangu! Mtu aliyechelewa harusi yake mwenyewe ndiye wa kuniletea habari, na wewe unaupita mlango ule kila ukienda sokoni.

Nina ombi. Kule orofani, chumba cha Mjomba, mvunguni mwa kitanda kuna sanduku la bati la kijani. Lisitupwe, lisichomwe. Litoe kabla hawajaja wa kusafisha, likae kwako, na usimwambie mtu. Sababu nitakueleza, ila itabidi univumilie, inaanzia mbali.

Jumamosi iliyopita nilitazama filamu, Jumapili nikairudia, vyombo vimejaa kwenye sinki. Inaitwa Looking for Langston, ya Isaac Julien, imetengenezwa huku huku London mwaka 1989. Ni nyeusi na nyeupe, dakika kama 45 hivi. Langston ni Langston Hughes, yule mshairi mweusi wa Marekani, wa shairi la mito ambalo ulikuwa ukilisoma kwa sauti ya hutuba mpaka tukafukuzwa darasani. Basi si hadithi ya maisha yake, usidhani. Hakuna wa kukwambia alizaliwa wapi akafia wapi. Inaanza kwa maziko: maiti kwenye jeneza, maua, waombolezaji wameganda kama picha, na aliyelala humo ndani ni Julien mwenyewe. Sauti unayoisikia ni ya mwandishi Toni Morrison siku ya kumzika mwandishi mwenzake, James Baldwin, 1987. Kisha chini ya hao wafiwa kuna klabu: wanaume weusi kwenye suti za jioni, moshi, wanacheza wawili wawili, wanatazamana kwa jicho lile ambalo sisi tungelijua hata bila maneno. Mwishoni wahuni na polisi wanauvunja mlango. Wanaingia, hamna mtu! Pale nimeparudia mara tatu.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni jambo lililotokea nje ya filamu. Wasimamizi wa urithi wa Hughes hawakutaka mashairi yake yasikike katika filamu ya namna hiyo. Basi ilipoonyeshwa kwenye tamasha la New York mwaka ule ule, yakifika mashairi yake, sauti ilikuwa ikishushwa. Hebu fikiria, ukumbi mzima umekaa gizani, picha zinapita, mshairi hana kauli. Na Hughes mwenyewe enzi za uhai wake hakuwahi kusema alimpenda nani. Wanaoandika maisha yake wanabishana mpaka leo.

Sasa umeshajua ninakokwenda.

Ile picha ya Mjomba, ya Fort Jesus, iliyokuwa kwenye albamu ya Mamangu. Mjomba amevaa kofia ya vito aliyoishona mwenyewe, anacheka, na begani kwake pana mkono. Mkono tu. Mwenye mkono amekatwa kwa mkasi, tena kwa ustadi, kama mtu anayekata kitambaa cha gauni. Niliwahi kuuliza mara moja. "Rafiki yake," Mamangu akasema, akafunga albamu. Na alipofariki Mjomba, mwaka 1994, wakasema homa. Homa gani ya miezi minane?

Mwaka huo huo kule Marekani alikufa mtengenezaji filamu Marlon Riggs, na mwaka uliofuata mshairi Essex Hemphill, wa miaka 37 na 38, wote kwa UKIMWI. Hemphill ndiye ambaye mashairi yake utayasikia ndani ya filamu ya Julien. Riggs naye alitengeneza yake 1989, Tongues Untied, humo pia Hemphill yumo, lakini ile ina hasira na vicheko, mtu anasimama mbele yako anasema, nikasikia kama kuna mtu kaja kuniamkua. Ilipotaka kuonyeshwa kwenye televisheni ya umma 1991, vituo chungu nzima vilikataa. Ya Julien yanong'ona. Sijui kwa nini, mie nimeshikwa na inayonong'ona. Labda ndivyo tulivyolelewa.

Halafu jina la kikundi cha filamu cha Julien na wenzake! Sankofa. Jirani yangu Mghana kanifasiria: rudi ukachukue. Nikacheka peke yangu jikoni. Mie nipo huku nimevaa soksi mbili mbili, na wa kurudi kuchukua ni wewe.

Kwenye sanduku mna kaseti, hilo nina hakika, maana Mjomba alikuwa akijirekodi akighani mashairi usiku na Bibi akigonga ukuta. Huenda na nusu ya picha imo. Huenda haimo. Sitaki kumtangaza, Mwanaisha, usinielewe vibaya. Wala sina haja ya kumpa jina ambalo hakujipa. Na jina lenyewe lipi? Mie nakuita wewe shoga, tunachekeana. Neno lile lile akitupiwa mwanamume barabarani limeshakuwa jiwe. Wanuri Kahiu filamu yake ya wasichana wawili wanaopendana aliiita Rafiki, tukajua wote anasema nini, na wakaipiga marufuku vile vile. Ninachotaka ni sauti yake isishushwe mara ya pili na wapaka rangi wa mnunuzi.

Basi. Ufunguo wa juu bado yuko nao Ma Fatu, au keshawapa hao madalali? Goti lake vipi? Kufuli la sanduku likigoma utamwita fundi gani asiye na mdomo? Mwanao bado ana ile redio ya kaseti au keshaifungua kutazama ndani? Na kingine, muulize Babako: si alikuwa Makerere 1962? Langston Hughes alikuja Kampala mwaka huo, kwenye mkutano wa waandishi. Alimwona? Alikuwa anacheka? Usimweleze mengi, muulize tu. Na wewe, mbona hukuniambia nyumba inauzwa, ulikuwa unaniogopa au unanihurumia?

Nauli ya mkokoteni nimemtumia Salim. Mdai, atasahau.

Wako,
Rukia