Stenti yenye dawa haimwondolei mgonjwa vidonge

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo magazeti yetu, likiwemo hili, hulipita haraka kila yanapoandika habari za wagonjwa waliozibuliwa mishipa ya moyo kwa upasuaji wa tundu dogo. Habari huishia pale mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani, ilhali kwa aliyewekewa stenti yenye dawa, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kilichopakwa dawa ili kuuweka mshipa wazi, miezi inayofuata ina hatari zake.

Kaka yangu aliwekewa stenti ya namna hiyo mwaka jana. Miezi minne baadaye alikwenda kung'oa jino, akaambiwa aache kwa wiki nzima dawa za kuzuia damu kuganda, naye akaacha. Nilizikuta kwenye droo, aspirini na klopidogreli, pakiti zimeliwa nusu. Nilipomuuliza, akacheka na kusema chuma kimeshakaa, vidonge vya nini tena?

Swali hilo si la kipuuzi. Daktari Andreas Grüntzig alipopanua mshipa wa moyo kwa puto mjini Zurich mwaka 1977, alifungua njia mpya, lakini wagonjwa wengi waliotibiwa hivyo walisinyaa tena mishipa ndani ya miezi michache. Stenti za chuma kitupu, zilizoanza kutumika mwaka 1986, ziliuzuia mshipa usijirudi. Hata hivyo, wavu wenyewe huujeruhi ukuta, na seli za misuli yake huzaliana kupita kiasi kama kovu linavyotuna juu ya kidonda. Ndiyo maana mwaka 1999, mjini São Paulo, Brazili, daktari Eduardo Sousa akaweka stenti iliyopakwa sirolimasi, dawa inayotokana na bakteria wa udongo wa Kisiwa cha Pasaka, ambayo huachiwa kidogo kidogo na kuzizuia seli hizo zisigawanyike. Katika utafiti wa RAVEL uliochapishwa mwaka 2002, baada ya miezi sita hakuna mgonjwa wa stenti hiyo ambaye mshipa wake ulikuwa umesinyaa tena kwa nusu au zaidi, wakati kwa waliowekewa chuma kitupu walikuwa zaidi ya robo.

Kasoro ni kwamba dawa hiyo haichagui seli. Inapozuia kovu, huchelewesha pia utando laini wa ndani ya mshipa usiufunike wavu, na chuma kilichobaki wazi huvuta chembe sahani, yaani chembe za damu zinazoifanya igande. Damu ikiganda hapo, mshipa huziba kwa ghafla na mgonjwa hupata shambulio la moyo, ambalo ni jambo jingine kabisa na ule usinyaaji wa polepole. Stenti za sasa zina nyuzi nyembamba zaidi na mshipa hupona vizuri zaidi, lakini bado mgonjwa huhitaji zile dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa pamoja, kwa kawaida miezi sita, au kama mwaka mmoja kwa aliyewekewa stenti kwa sababu ya shambulio la moyo. Daktari huweza kufupisha muda huo kwa mwenye hatari ya kutokwa na damu, na aspirini huendelea baadaye.

Daktari wa moyo wa kaka yangu, tulipompigia siku ileile nilipovikuta vidonge, alimtaka arudie vidonge jioni hiyohiyo. Jino liling'olewa wiki iliyofuata bila kuacha dozi hata moja, na damu ilikatika kwa kung'ata pamba muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wenu, wanapohoji madaktari wa moyo, waulize pia ni dawa zipi, za muda gani, na nani aulizwe kabla ya kuziacha. Waandike vilevile bei ya dawa hizo kwa mwezi, maana wapo wanaoziacha kwa sababu ya mfuko wala si kwa ushauri wa mtu. Kaka yangu sasa hubeba kwenye pochi kikaratasi chenye aina ya stenti, tarehe aliyowekewa na namba ya simu ya kliniki yake. Daktari wa meno alikisoma kwa dakika mbili tu kabla ya kuchukua koleo.

Wako,
Msomaji, Dar es Salaam