Nyumba za jirani na chuo: hesabuni vitanda, si majina ya waliodahiliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwajibu wanaowaambia watu kila mwaka kwamba nyumba iliyo jirani na chuo haikosi mpangaji. Kauli hiyo ina ukweli wa wiki tatu: moja kabla ya chuo kufunguliwa na mbili zinazofuata. Wiki hizo dalali huonyesha chumba kimoja kwa watu watano kabla ya adhuhuri, na mzazi aliyefika na begi la mtoto hulipa anachotajiwa. Anayenunua nyumba kwa kodi aliyoisikia wiki hizo amenunua kwa bei ya sikukuu.

Mji mdogo wa chuo hauendi kama miji mingine. Penye bandari au viwanda, mpangaji akihama Machi mwingine ataingia Aprili. Hapa wapangaji huja kwa pamoja na kuondoka kwa pamoja. Chumba ambacho hakijapata mtu hadi wiki ya sita ya muhula kwa kawaida hulala mpaka mwaka mwingine wa masomo, na mwenye nyumba anayeng'ang'ania bei ya wiki ya kwanza hulala nacho.

Chukueni nyumba ya vyumba sita. Kodi ya chumba kimoja kwa mwezi tuiite fungu moja. Muuzaji atawapigia vyumba sita mara miezi 12, mafungu 72. Mwaka wa masomo ni miezi kama kumi, kwa hiyo yamebaki 60. Toeni mawili ya wanaokatisha masomo au wanaohama kimyakimya kwenda kubanana na rafiki: 58. Dalali akichukua fungu moja kwa kila chumba anachojaza, 52. Rangi, vitasa, koki na kunyonya maji taka havitapungua sita katika nyumba iliyojaa vijana: 46. Sijagusa kodi ya serikali wala bima, na tayari tuko kwenye asilimia 64 ya kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: rejesho la mkopo kwa mwezi lisizidi nusu ya kodi ya mwezi mmoja nyumba ikiwa imejaa. Kwa mfano wetu ni mafungu matatu kwa mwezi, 36 kwa mwaka, na mkononi yanabaki 10. Mafungu sita ya kulipia miezi miwili ya likizo yawe yamewekwa kando kabla mwanafunzi wa mwisho hajafunga mlango, kwa sababu benki haina likizo.

Sasa idadi ya wapangaji. Chuo kikitangaza udahili mkubwa, viwanja hupanda bei wiki hiyohiyo. Lakini aliyedahiliwa si aliyesajiliwa, na aliyesajiliwa si lazima atafute chumba. Anzeni na waliosajiliwa wote, watoeni wanaosoma kwa masafa na wa wikendi, toeni vitanda vilivyomo ndani ya kampasi, toeni wanaoishi kwao. Kinachobaki ndicho soko. Kigawanyeni kwa vitanda vya nyumba binafsi zilizo ndani ya mwendo wa miguu, tuseme dakika 15, ambazo ni kilomita moja na kidogo. Jibu likiwa chini ya moja, vyumba vimezidi watu, hata kama barabarani panaonekana vurugu. Angalieni pia ratiba ya mafunzo kwa vitendo: darasa zima la mwaka wa tatu linaweza kuondoka kwa muhula mzima, na mwenye nyumba akashangaa chumba kimekuwa kitupu Februari.

Uamuzi mmoja wa chuo huweza kuugeuza mji mzima. Durham, Uingereza, ni mji mdogo wenye chuo kikubwa. Katika miaka ya 2010 chuo hicho kiliamua kuwahamishia mjini humo wanafunzi wa kampasi yake ya Stockton, na idadi ikaendelea kukua. Vuli ya 2022 wanafunzi walipanga foleni usiku nje ya ofisi za mawakala wakitafuta nyumba za mwaka uliofuata. Upande wa pili kuna Marekani. Vizazi vya huko vilifikia kilele mwaka 2007, watoto zaidi ya milioni 4.3, kisha vikashuka. Waliozaliwa mwaka ule walitimiza miaka 18 mwaka 2025, maana yake kuanzia hapo wateja wanapungua. Vyuo vidogo vya miji midogo ndivyo vyenye hofu zaidi, na hosteli inayojengwa leo kwa mkopo wa miaka 20 inapaswa kuijua hesabu ya wodi za uzazi.

Nihamie kwenye jambo ambalo madalali hawaligusi: nyumba iliyojengewa familia ya watu watano ikitiwa watu 12.

Umeme kwanza. Birika la wati 2,000 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 9. Saa moja asubuhi mabirika matatu yakiwashwa pamoja ni ampea 26. Soketi za vyumba vyote zikiwa zimefungwa kwenye saketi moja, yaani njia moja ya umeme, ya waya wa milimita za mraba 2.5 yenye breka (swichi inayojikata umeme ukizidi) ya ampea 20, basi umeme unakatika. Fundi anaitwa mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu anaing'oa breka ya 20 na kuweka ya 32. Umeme haukatiki tena, kila mtu anamsifu. Kumbe sasa waya wenyewe umegeuka fyuzi, na utayeyukia ndani ya ukuta, hasa penye kiungo kilichofungwa kwa utepe. Dawa yake ni kugawa: vyumba viwili viwili viwe na saketi yake kutoka kwenye boksi, breka ya 20 ibaki ileile, na jiko lipewe waya wake mnene peke yake. Mnunuzi yeyote afungue boksi la breka kabla hajaulizia rangi ya vigae.

Maji taka nayo yana hesabu yake. Mtu mmoja huacha kama lita 40 za tope kwa mwaka ndani ya shimo. Shimo lililokuwa likinyonywa kila baada ya miaka mitano kwa watu watano litafikia kiwango hichohicho kwa watu 12 katika miaka miwili tu. Likicheleweshwa, tope hupita kwenda shimo la pili, lile linalotawanya maji ardhini, na kuziba matundu ya udongo. Hapo hata gari la kunyonya lije kila wiki, maji yatarudi, na suluhisho ni kuchimba upya. Ugawaji wa vyumba kwa mbao una madhara ya namna hiyo: dirisha moja hukatwa nusu kwa nusu, na chumba cha pili hubaki na tundu la hewa. Uwazi wa dirisha usipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu.

Wanaoumia kimya ni wauguzi, walimu na familia changa, ambao hawawezi kushindana na wanafunzi wanne wanaochangia kodi. Mtaa ukigeuka wa wanafunzi watupu, miezi miwili kwa mwaka unakuwa gofu, na duka la kona haliwezi kuishi kwa miezi kumi. Durham, kwa mpango wake wa 2020, hairuhusu kugeuza nyumba ya familia kuwa ya kupangisha wanafunzi iwapo kufanya hivyo kutafanya nyumba za wanafunzi zipite asilimia 10 ya zilizomo ndani ya mita 100. Wanajuaje? Huko nyumba inayokaliwa na wanafunzi pekee imesamehewa kodi ya halmashauri, hivyo orodha ya misamaha ndiyo sensa. Halmashauri isiyo na orodha kama hiyo inaweza kuanza na daftari la leseni za nyumba za kupangisha, ilimradi liandike idadi ya vitanda, si idadi ya majengo.

Kwa wapangaji nina machache. Mkataba mmoja uliosainiwa na watu wanne kwa kawaida humfanya kila mmoja awajibike kwa kodi yote. Mmoja akitoroka, watatu watamlipia. Ombeni mkataba wa chumba kwa chumba, hata kama bei itapanda kidogo. Siku ya kuingia pigeni picha mita, kuta, kitasa na choo, mzitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo ili tarehe ibaki. Amana iandikwe kiasi, siku ya kurudishwa na nini kinaweza kukatwa. Jimbo la New York tangu 2019 linaweka kikomo cha amana kuwa kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba ana siku 14 za kuirudisha, akiambatanisha orodha ya alichokata. Anayekataa kuandika hata mstari mmoja juu ya amana ameshajibu swali lenu.

Kuhusu miezi ya likizo, wanafunzi wasilazimishwe kuilipia. Ireland mwaka 2024 ilipitisha sheria ya kuweka kikomo cha wiki 41 kwa mikataba ya hosteli za wanafunzi, kwa sababu baadhi ya wamiliki walikuwa wakiandika 51. Mwenye nyumba makini huziuza wiki 11 zinazobaki kwa washiriki wa kozi fupi au mafundi wa miradi, au huzitumia kupaka rangi na kubadilisha waya, kazi ambayo haiwezekani watu 12 wakiwa ndani.

Mthamini wa majengo,
msomaji wa gazeti hili