Barua kwa Rehema: kuhusu programu yako ya kusaini mikataba

Dar es Salaam

Mpendwa Rehema,

Ni matumaini yangu u mzima wa afya, na kwamba Mwanza mvua zimepungua. Nimefurahi mno kusikia umeanza kutengeneza programu ya wavuti ya kusaini mikataba ya upangaji. Watu wanaihitaji sana. Sasa hivi dalali anatuma mkataba kwa WhatsApp, mpangaji anakwenda steshenari kuuprinti, anasaini, anaupiga picha na kuirudisha. Siku wakigombana kuhusu kodi, kila mmoja anatoa nakala yake, na nakala hazifanani.

Naona umeandika sana kuhusu kuchora saini kwa kidole kwenye kioo cha simu. Sehemu hiyo imalize haraka, dada. Ule mchoro ni picha tu, na mwenye karatasi uliyowahi kusaini anaweza kuikata saini yako akaibandika kokote. Kazi nzito ni ushahidi: nani alikubali, lini, na je, maneno aliyoyasoma siku ile ndiyo haya yaliyomo leo?

Hapo ndipo heshi inapoingia, yaani alama ya kidole ya faili. Seva, ile kompyuta inayoendesha programu yako, inalipitisha faili lote kwenye kanuni ya ukokotoaji iitwayo SHA-256 na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Jaribu mwenyewe leo: chukua mkataba wenye kodi ya shilingi 350,000, badilisha ile 3 iwe 8, kokotoa tena. Mfuatano wote unageuka, hutaona hata dalili ya ule wa kwanza. Kisha heshi hiyo inasainiwa kwa ufunguo wa siri, namba ndefu unayobaki nayo wewe tu, na yeyote mwenye ufunguo wa umma, mwenzake unaotolewa wazi, anaweza kuihakiki saini hiyo. Wazo hili la funguo mbili wataalamu wa usimbaji fiche Diffie na Hellman walilichapisha mwaka 1976, na hadi leo ndilo linalobeba kazi yote. Ila ukikuta maktaba ya msimbo ya zamani inayotumia SHA-1, kanuni iliyotangulia SHA-256, iache. Mwaka 2017 watafiti wa Google na wa CWI, taasisi ya utafiti ya Amsterdam, walitoa PDF mbili tofauti zenye heshi moja ya SHA-1, na kwa mikataba hilo ni balaa, maana saini ya mmoja inakubalika kwa mwingine.

Jambo ninalokuomba ulisome kwa makini zaidi ni PDF yenyewe. Muundo wake unaruhusu vitu kuongezwa mwishoni mwa faili bila kugusa baiti za mwanzo, yaani data iliyokuwepo tayari. Kwa hiyo saini inaweza kuonekana nzima kwa sehemu iliyosainiwa, huku msomaji akioneshwa ukurasa mwingine kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr Bochum, Ujerumani, walionesha kuwa programu nyingi za kusomea PDF zilidanganyika kwa mbinu za aina hii. Ushauri wangu: kusanya kwanza ridhaa za mpangaji, mwenye nyumba na mashahidi, andika kumbukumbu za kila mmoja kwenye ukurasa wa mwisho, halafu seva itie saini ya kidijitali mara moja tu, juu ya faili zima. Kwenye kila kumbukumbu weka namba ya simu iliyothibitishwa kwa SMS, saa, na heshi ya toleo alilolisoma. Ukurasa wako wa kuhakiki ukikuta hata baiti moja iliyoongezwa baada ya eneo lililosainiwa, ulikatae faili hilo.

Ridhaa za namna hii zina uzito. Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki iliyo salama: iweze kumtambulisha aliyesaini, iwe chini ya udhibiti wake, na ifungamane na hati. Hata hivyo SMS peke yake hainitoshi, maana laini huazimwa majumbani. Na kabla hujapokea hati za kuuza viwanja au wosia, kaa na wakili.

Kuhusu kuipandisha hewani: ufunguo wa siri usiingie kwenye Git, pale unapotunza matoleo ya msimbo wa programu, hata kwa bahati mbaya; uweke mbali na msimbo. Cheti cha HTTPS, kinacholinda mawasiliano ya tovuti yako, chukua kwa watoaji vyeti Let's Encrypt, ni bure, ila kinaisha muda, kwa hiyo panga kijihuishe chenyewe. Ukitumia kontena, yaani kifurushi kinachobeba programu na mahitaji yake, mikataba isikae ndani yake, kwa sababu kontena likiundwa upya faili zinaondoka nalo. Muhuri wa wakati uombe kwa mamlaka ya nje inayofuata RFC 3161, kiwango cha mihuri hiyo, ili saa ya kusaini isiwe neno lako peke yako. Nakala rudufu zirejeshe kweli kwenye seva nyingine uone kama zinafunguka. Na umkumbuke mpangaji mwenye bando la mia tano: mletee ukurasa mmoja mmoja, si PDF nzima.

Kama unataka kuona wengine walivyofanya, pitia msimbo wa Documenso, programu ya kusaini hati mtandaoni, uko wazi. Leseni yake ni AGPL, kwa hiyo ukiuchukua na kuubadilisha, watumiaji wako wana haki ya kupata msimbo wako pia. Amua hilo mapema.

Nitumie mchoro wa hifadhidata kabla hujaanza kuandika sehemu ya kuhakiki, nitaukagua mwisho wa wiki. Nifikishie shikamoo yangu kwa mama.

Rafiki yako,
Saidi